Je, unyonyeshaji vijijini hutofautiana kwa kabila? Swali kutoka Kaliua

Mhudumu wa Kaliua

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora. Kijiji chetu ni cha mchanganyiko: wapo Wanyamwezi wenye asili ya hapa, Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao, Waha waliokuja kwa ajili ya kazi za tumbaku na wengine wakabaki, na familia kadhaa zenye asili ya Burundi ambazo wazee wao waliikimbia nchi yao mwaka 1972 na kupokelewa Ulyankulu. Mwezi uliopita nilipewa fomu ya kuandika jinsi akina mama wanavyowanyonyesha watoto walio chini ya miaka 2. Aliyenituma aliongeza kwa mkono safu ya kabila, akaniagiza nieleze mwishoni "kila kabila lina mila gani."

Asubuhi moja nilitembelea nyumba tatu za kitongoji kimoja, na tangu siku hiyo swali hili halijaniacha. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama Muha mwenye mtoto wa miezi 4. Nilimkuta akijiandaa kwenda shambani na mtoto mgongoni, akaniambia kwamba mtoto huyo hajaonja kitu zaidi ya ziwa tangu azaliwe. Katika nyumba ya pili, ya wafugaji wa Kisukuma, mama hakuwepo. Alikuwa ameondoka alfajiri, na mtoto wake wa miezi 3 alikuwa ameachwa kwa dada yake wa miaka kama 9 pamoja na kikombe cha maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Nyumba ya tatu ilikuwa ya Wanyamwezi. Huko bibi wa mtoto, ambaye ndiye aliyejibu maswali yote huku mkwewe akiwa ameinama, alinieleza bila wasiwasi wowote kwamba mjukuu wake wa miezi 3 anakunywa uji mwepesi wa mtama kwa sababu "maziwa ya huyu msichana hayashibishi," na kwamba siku ya kwanza alilambishwa asali kidogo ili kusafisha koo.

Kama ningeifuata fomu, ningeandika kwamba Waha hunyonyesha vizuri, Wasukuma hutegemea maziwa ya ng'ombe na Wanyamwezi huwahi kuanzisha uji. Kalamu ikasita. Nyumba tatu si makabila matatu, na mimi mwenyewe ni Mnyamwezi ambaye mama yangu anaapa kwamba sikuonja uji mpaka nilipoanza kuketi. Naomba wenye uzoefu wa Kigoma na Tabora mnisaidie: je, tofauti hizi ni za kabila kweli, na kama si za kabila, niandike nini katika safu ile?

Mkunga Mstaafu, Kasulu

Marahaba mwanangu. Nilifanya kazi ya ukunga kwa miaka mingi katika vijiji vya Kasulu na Kibondo kabla ya kustaafu, na nianze kwa kukutoa katika kosa moja kabla halijafika kwenye karatasi: Waha wa Buha hawana mila ya kumwacha mtoto na ziwa peke yake. Nimewapokea akina mama wengi ambao watoto wao walikwisha kupewa maji ya uvuguvugu, maji ya sukari au dawa ya mchango kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na mara nyingi aliyetoa vitu hivyo hakuwa mama mwenyewe bali mzee wa ua ule. Sasa jiulize, mama huyo wa Kaliua ametofautianaje na dada yake aliyebaki Kasulu? Ukitazama vizuri utaona kwamba tofauti yao ni mtu mmoja asiyekuwapo, yaani mama mkwe. Aliyehama kufuata tumbaku ameondoka na mumewe na watoto. Aliyekuwa akichemsha maji na kuchuma dawa amebaki nyumbani Buha. Mama huyo ananyonyesha hivyo kwa kuwa hana wa kumwachia mtoto, na kwa kuwa sauti pekee inayomfikia ni ile ya kliniki. Ukiandika kwamba hiyo ni mila ya Waha, utakuwa umeandika kinyume cha ukweli.

Hata hivyo, nina shaka kidogo na jibu alilokupa, si kwa sababu amekudanganya bali kwa sababu ya namna tunavyouliza. Sisi wenyewe tulikosea kwa miaka mingi kwa kuuliza, "Je, unampa mtoto chakula kingine?" Mama atajibu hapana kwa moyo mweupe, kwani maji si chakula, dawa ya mchango si chakula, na hata uji ule mwepesi kwa wengine ni kinywaji tu. Anaposikia "maziwa ya mama pekee," anaelewa kwamba asimpe mtoto maziwa ya kopo wala ya ng'ombe. Wewe uliza hivi: "Tangu jana jua lilipochomoza mpaka leo asubuhi, mtoto huyu amewekewa nini mdomoni, na nani aliyemwekea?" Utashangaa orodha itakavyorefuka.

Kuhusu maji, watakuambia kwamba Kaliua kuna joto na mtoto ana kiu. Waeleze kwamba karibu asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji, na kwamba mtoto aliye chini ya miezi 6 anayenyonya kila anapotaka, usiku na mchana, hahitaji tone la ziada hata wakati wa kiangazi. Kuhusu maziwa "yasiyoshibisha," usibishane na bibi mbele ya mkwewe. Mweleze tu kwamba ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa: mtoto akijazwa uji hunyonya kidogo, ziwa nalo hupunguza, na baada ya wiki mbili bibi huonekana kwamba alisema kweli tangu mwanzo. Huo ndio mtego wenyewe, na umewanasa hata wauguzi.

Kuhusu asali sitazungusha maneno, hasa kwa kuwa Tabora ni nchi ya nyuki na asali haikosekani ndani. Mtoto aliye chini ya miezi 12 hapewi asali hata ya kulambishwa, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo katika utumbo wa mtoto mchanga huota na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia. Mtu mzima huila bila madhara kwa kuwa utumbo wake umekwisha kukomaa. Bibi yule hakufanya hivyo kwa ubaya. Alimpa mjukuu kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo nyumbani.

Mfugaji wa Igunga

Mwangaluka wote. Mimi ni Msukuma na mfugaji, na ile nyumba ya pili imenigusa, si kwa kuwa binti yetu ameandika uongo bali kwa kuwa najua itakavyosomwa mjini. Watasema wafugaji hawawajali watoto. Kwetu sisi, mtu anayempa mtoto maziwa ya ng'ombe anaona amempa kilicho bora, na mzee anayeona mjukuu wake hana kikombe cha maziwa hujiuliza kama mwanawe amefilisika. Nilichelewa sana kuelezwa kwamba maziwa ya ng'ombe yana madini ya chuma machache, na kwamba yanaweza kuukera utumbo wa mtoto mchanga hata ukatoa damu kidogo kidogo isiyoonekana kwa macho. Na yale maji yanayochanganywa humo, kwa wengi wetu, ni ya lambo ambalo ng'ombe nao wameingia hadi magotini.

Lakini nataka kusimulia jambo la dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, kwa maana linanifanya nicheke na kusikitika hadi leo. Wakati mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa tatu, ng'ombe wetu mmoja naye alizaa katika wiki hiyohiyo. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa ndani akisimamia yale maziwa ya manjano ya mwanzo yakamuliwe chini, kwa sababu, alivyosema, ni machafu yaliyokaa ndani ya mwili miezi tisa. Saa hiyohiyo mimi nilikuwa zizini nikimshikilia ndama chini ya mama yake ili apate dang'a, kwani kila mchungaji, hata mtoto wa miaka 7, anajua kwamba ndama asiyepata dang'a siku ile ya kwanza ni wa kuhesabu siku. Nikasimama pale na mikono yangu imelowa, nikatambua kwamba katika boma langu ndama anatunzwa kuliko mwanangu. Niliingia ndani nikamwuliza mama kwa upole kwa nini cha ng'ombe ni dawa na cha mtu ni uchafu. Akanijibu kwamba mtu si ng'ombe.

Siku ile sikuwa na neno. Miaka ilipita nikamsimulia daktari wa mifugo, naye akaniambia kwamba mama alikuwa na nusu ya ukweli. Ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote katika damu yake, na yote huipata katika dang'a ya saa za mwanzo. Mtoto wa mtu huzaliwa akiwa tayari na kiasi cha kinga alichopewa kupitia kondo la nyuma, lakini ile inayolinda koo na utumbo wake anaipata katika dang'a. Kwa hiyo mtoto anayeikosa hafi papo hapo kama ndama, na pengine ndiyo sababu wazee hawakuliona kosa hilo. Mwanangu, unapokwenda kwa wafugaji usiwapelekee picha za mjini. Waambie habari ya ndama, watakuelewa kabla hujamaliza sentensi.

Kuna jambo jingine ambalo hamjaligusa, nadhani kwa aibu. Mtoto anayenyonya akikonda, akiharisha na kuchelewa kutembea, watu husema amebemendwa, yaani wazazi wake wamekutana kimwili kabla ya wakati, au mmojawapo ametoka nje, na maziwa yakaharibika. Nimelisikia kwa Wasukuma, kwa Wanyamwezi, kwa Wataturu waliotuzunguka huku, na nilipokwenda Kigoma kutafuta soko la ng'ombe nililisikia kwa Waha. Katika safu yako ya kabila hilo utaliweka wapi?

Mama wa Ujiji

Asalaam aleikum. Hapa kwetu Ujiji ukitaka kupanga watu kwa kabila utachoka, kwani katika nyumba moja baba ni Mmanyema, mama ni Mbwari na bibi ni Muha, na wote wanazungumza Kiswahili tangu alfajiri. Kinachotupangia unyonyeshaji ni dini na ziwa, na hili la pili lichukueni kwa maana zote mbili.

Kwa upande wa dini, Kurani katika sura ya pili, aya ya 233, inawaelekeza akina mama kuwanyonyesha watoto wao miaka 2 kamili kwa anayetaka kutimiza, kwa hiyo huku mama anayemlikiza mtoto wa mwaka mmoja bila sababu husemwa. Upo pia mtindo wa kumpaka mtoto mchanga tende iliyotafunwa kwenye kaakaa, ambao ni sunna, na nimeona baadhi ya wahudumu wakiuingilia kwa ukali usiofaa. Kuna sheikh mmoja aliyetuambia kwamba inatosha kugusa tu, kwa mikono safi, na kwamba mtoto atangulie kupewa ziwa. Kauli yake ilimaliza ugomvi ambao mabango ya zahanati hayakuumaliza.

Jambo ambalo wenzetu wasio Waislamu huenda hawalifahamu ni undugu wa kunyonya. Mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyekuwa mama yake, kwa madhehebu ya Shafi mara tano au zaidi kabla ya kutimiza miaka 2, anakuwa mwana wa mwanamke huyo kwa upande wa ndoa, na hawezi kumwoa binti yake. Ndiyo maana mama mzazi anapofariki, hatumkabidhi mtoto kwa jirani yeyote mwenye maziwa. Hutafutwa shangazi, mama mdogo au hata bibi, na undugu huo hutangazwa ili usisahaulike. Siku hizi tumeongeza sharti jingine, kwamba anayejitolea kumnyonyesha mtoto wa mwenzake apimwe kwanza virusi vya Ukimwi.

Ama ziwa la pili, ni hili Tanganyika. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa wavuvi hupumzika. Wakati wa giza mama anayeanika dagaa yuko mwaloni kabla ya jua kuchomoza na mtoto anashinda kwa bibi na uji; mwezi ukijaa mama yuko nyumbani na mtoto ananyonya mpaka anachoka. Mtoto ni huyohuyo na kabila ni lilelile. Ukija kumhoji mama huyo, angalia kwanza mwezi umefikia wapi.

Mkulima wa Urambo

Hilo la mwezi ni kweli, na sisi wa tumbaku tuna lake. Dada, katika fomu yako andika mtoto alizaliwa lini, si umri tu. Kwetu vitalu huanza kuelekea mwisho wa kiangazi, miche hupandikizwa mvua zinapoanza mwezi wa 11 na wa 12, na kuanzia mwezi wa kwanza tunachuma, tunafunga majani na kulisha moto katika mabani ya kukaushia usiku kucha. Mtoto aliyezaliwa mwezi wa 10 anatimiza miezi 3 katikati ya uchumaji, na huyo ndiye atakayeachiwa uji, awe wa Mnyamwezi au wa Muha. Aliyezaliwa mwezi wa 5 anatimiza miezi 3 mama yake akiwa nyumbani. Nina watoto wanne, wawili wa kila upande, na nisingependa mtu aniandike kwamba nina mila mbili.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri amruhusu mama anayenyonyesha hadi saa 2 kwa siku kwa ajili ya kumnyonyesha mtoto wake. Ni sheria nzuri, ila kibarua anayelipwa kwa kazi aliyoimaliza siku hiyo hana wa kumwomba hizo saa 2.

Nina nyongeza moja kuhusu yule mama wa mtoto mgongoni. Majani mabichi ya tumbaku yakiwa na umande hupenyeza nikotini kwenye ngozi. Wachumaji wengi tunaijua ile hali ya kizunguzungu na kutapika. Nikotini hiyo huingia pia katika maziwa. Anawe mikono na vifua kwa sabuni na kubadili nguo kabla ya kunyonyesha, na mtoto asilazwe juu ya majani kivulini, kama tunavyofanya sote.

Mwalimu wa Nzega

Nimesoma kwa makini na ninakubaliana na mengi, lakini naona tunaelekea kulifuta kabila kwa haraka mno. Mkunga wetu amesema tofauti imeletwa na mama mkwe. Je, nani alimpa mama mkwe mamlaka hayo? Kwamba mke akaishi katika ua wa wakwe au akajifungulie kwao, kwamba mkwe anyamaze mzee anapoongea, kwamba maziwa ya zizini yagawiwe na nani, hayo yote ni mila, nayo si sawa kila mahali. Mwenzetu wa Igunga mwenyewe ametuonyesha kwamba kwa mfugaji kikombe cha maziwa kina maana ambayo kwa mkulima wa muhogo hakina. Kazi haiwezi kueleza kila kitu.

Pia kuna lugha. Mwanamke aliyekulia katika Kisukuma au Kirundi na asiyezungumza Kiswahili vizuri hukaa kliniki saa nzima akisikiliza somo la lishe ambalo linampita juu. Kwa ajili hiyo tu, safu ile ina kazi yake.

Ninachokubali ni kwamba hakuna takwimu za kitaifa za kuthibitisha habari za kabila moja moja. Sensa ya mwisho kuuliza kabila katika nchi yetu ilikuwa ya mwaka 1967. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi 6 walinyonyeshwa maziwa ya mama pekee, kutoka asilimia 59 katika ule wa 2015-16, na namba hizo hazimtaji Muha wala Mnyamwezi. Kwa hiyo atakayeandika "kabila fulani hufanya hivi" anaandika kwa macho yake mwenyewe, na inampasa aseme aliona nyumba ngapi.

Mkunga Mstaafu, Kasulu

Mwalimu, pointi ya mamlaka nimeipokea, nami sina ubishi nayo.

Nirudi kwa swali la mzee wa Igunga, kwa sababu kubemenda kumeua watoto ambao wangepona. Ubaya wake mkubwa uko katika aibu: mtoto akianza kuharisha, mama hamleti kwa kuwa kumleta ni kutangaza ya chumbani. Wengine humwachisha kwa ghafla, kwa shubiri au pilipili kwenye chuchu, eti maziwa yameharibika. Maziwa hayaharibiki kwa tendo la ndoa, na hata mama akishika mimba anaweza kuendelea kunyonyesha ikiwa mimba haina matatizo na anakula vya kutosha.

Ila wazee hawakulitunga jambo hili hewani. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana, aliandika kuhusu watoto waliovimba miguu na kubadilika ngozi na nywele, na baadaye akautambulisha ugonjwa huo kwa jina alilolikuta katika lugha ya Waga wa huko, kwashiorkor, ambalo huelezwa kuwa ni ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa na mdogo wake anayekuja. Huyo ndiye aliyebemendwa wetu. Wazee waliona kwamba mimba mpya ikija upesi, mtoto mkubwa hudhoofika. Walichokosa kuona ni kwamba anadhoofishwa na kuondolewa ziwani na kubaki na ugali wa muhogo bila maharage wala dagaa. Mwiko wao ulikuwa njia ya kupisha uzazi. Wanaoshikilia mwiko wasikie habari hii: mama ambaye mtoto wake hajatimiza miezi 6, ambaye hedhi yake haijarudi, na ambaye ananyonyesha maziwa yake pekee usiku na mchana, ana kinga ya mimba kwa takriban asilimia 98. Mtoto akianza kupewa uji wa mapema, kinga hiyo hupungua. Nimewahi kuwaambia hivyo akina baba chini ya mwembe na wakawa wa kwanza kuzuia uji.

Tena, kwa kuwa suala la kupima limetajwa: mama anayeishi na virusi vya Ukimwi na anayetumia dawa zake kila siku hunyonyesha, naye ndiye wa kusisitiziwa zaidi kwamba miezi 6 ya kwanza asichanganye. Utafiti uliofanyika Durban na kutolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto waliochanganyiwa maziwa ya mama na vitu vingine waliambukizwa zaidi kuliko walionyonya maziwa ya mama peke yake. Kikombe kile cha uji ambacho kwa jirani ni kosa dogo, kwake kinaweza kuwa kikubwa sana, na mara nyingi bibi hajui kwa nini mkwewe anakikataa.

Mhudumu wa Kaliua

Nawashukuru wote. Nimerudi katika zile nyumba tatu nikiwa na swali la mkunga. Yule mama Muha, baada ya kufikiri, alisema kwamba jana mchana mtoto aliwekewa kijiko cha maji yaliyochemshwa, na aliyemwekea ni kaka yake wa miaka 6, kwa sababu ya jua la shambani. Nyumba ya pili nilimkuta mama mwenyewe: hakuwa ameenda malishoni kama nilivyodhani, bali kisimani, na foleni ya siku hiyo ilimrudisha saa nne. Sasa anakamua maziwa yake katika kikombe chenye mfuniko kabla ya kuondoka, na dada mtu anamnywesha mtoto kwa kijiko.

Nyumba ya tatu nilikwenda na habari ya ndama. Bibi alinyamaza kwa muda. Mkwewe, ambaye mara ya kwanza hakufungua mdomo, ndiye aliyesema chinichini kwamba ng'ombe ana bahati, hana mama mkwe wa kumkamulia chini. Niliogopa, lakini bibi alicheka mpaka akafuta machozi. Asali amekubali iwekwe mbali hadi mtoto atimize mwaka.

Aliyenituma ameruhusu safu ya kabila ibaki, nami nikaongeza nyingine nne: lugha anayoielewa mama, nani hubaki na mtoto, mwezi aliozaliwa mtoto, na muda wa kwenda na kurudi shambani au kisimani. Mwishoni nimeandika kwamba nimeona nyumba 31. Kuhusu uji, nimekubaliana na bibi kwamba usimamishwe kwa wiki mbili, mtoto anyonyeshwe kila anapotaka, kisha tumpime. Mizani ninayo, na bibi amesema ataisoma yeye mwenyewe.